TV ya Dishi Imekatika Mawimbi: Anza Sebuleni, Paani Uende Mwisho

Ukiona kijana yuko juu ya paa anazungusha dishi, na mwenzake yuko dirishani anapiga kelele "hapo hapo! ah, umepita!", kazi hiyo huenda imeanzwa mwisho. Dishi lililofungwa vyema haliondoki mahali pake hivi hivi. Laweza kukaa miaka likitazama pale pale. Vinavyokufa mapema hapa Mombasa ni vitu vidogo vinavyolizunguka: konekta, waya, na kile kichwa kilicho mbele ya dishi, LNB. Vyote vinaliwa na chumvi ya bahari na maji ya mvua, na vyote vyaweza kukaguliwa bila kulisogeza dishi hata kidogo.

Kwa hiyo mwongozo huu unatoka kwenye kochi na kupanda juu. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hata kama mechi imeshaanza na watu wamejaa barazani.

Hatua ya kwanza: nani anayesema hakuna mawimbi?

Tazama maandishi yaliyo kwenye skrini ujiulize yameandikwa na nani. Kama ni ya TV yenyewe, yale yanayoelea huku na huku kwenye skrini nyeusi au ya buluu, dishi halimo katika kesi hiyo. TV inalalamika kwamba haipati kitu kutoka kwa dekoda: ama dekoda imezimika, ama waya wa HDMI umelegea, ama mtoto amechezea rimoti na TV imehamia tundu jingine. Rudisha TV kwenye tundu lake, chomoa HDMI uichomeke upya, jaribu tundu la pili. Bonyeza menyu ya dekoda. Ikitokea, njia ya kutoka dekoda hadi TV ni nzima.

Kama ujumbe ni wa dekoda, soma namba yake. Kwa wenye DStv, E16 ni habari ya malipo au kibali cha kuona chaneli, haihusu paa. E48-32 ndiyo inayosema dekoda haipati mawimbi. Ni jambo dogo lakini linaokoa nauli ya fundi. Na ukishalipa, acha dekoda ikiwa imewashwa, maana kibali hutumwa kupitia setilaiti ile ile inayoleta picha, na dekoda iliyolala haiwezi kukipokea.

Tena, kama kwako kuna antena ya miiba kama ile ya GOtv, hiyo hupokea kutoka mnara wa ardhini na haina habari na setilaiti. Yanayohusu waya na konekta hapa chini yatakufaa; ya mwelekeo wa dishi yaache.

Hatua ya pili: yanapotea saa ngapi?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulikimbia, na mimi naliona lina nusu ya jibu. Kabla hujafungua hata skrubu moja, keti ukumbuke, au uliza walioko nyumbani mchana: picha hukatika wakati gani, na hurudi wakati gani?

Hukatika mvua kubwa ikinyesha, kisha inarudi mvua ikipungua. Hapo hakuna kilichoharibika. TV za dishi dogo hutumia masafa ya Ku, gigahazi 10.7 hadi 12.75, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya mawimbi ya namna hiyo kabla hayajafika kwako. Mvua za mwezi wa Mei zinapoingia kutoka baharini na mawingu yake mazito, hata dishi la fundi hodari litakatika kwa dakika kadhaa. Pika chai, ngoja.

Hukatika kwa manyunyu tu. Hapa pana jambo. Mfumo mzima unafanya kazi ukingoni: dishi limesogea kidogo, au LNB imechoka, au konekta imeanza kuoza, na siku za jua unapata picha kwa bahati. Manyunyu yanachukua kile kidogo kilichobaki.

Mvua imekwisha, jua limetoka, nguo zimeanikwa tena, na bado hakuna picha. Karibu kila mara maji yameingia kwenye konekta au ndani ya waya. Kama nitalazimishwa kukisia tatizo la nyumba nisiyoijua kati ya Likoni na Bamburi, nitakisia hili kabla ya jingine lolote.

Asubuhi mapema hakuna kitu, ikifika saa nne picha inajirudia yenyewe. Huo ni umande. Mahali fulani kwenye LNB au kwenye konekta pana ufa, usiku unyevu unaingia, jua linaukausha.

Adhuhuri jua likiwa kali inapotea, jioni inarudi. Hii ni kinyume chake, na mshukiwa ni LNB yenyewe. Ndani yake mna kifaa kinachoshusha masafa, na kikizeeka hupotoka kinapopata joto, au kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopasuka huachana kikipanuka. Dawa yake ni LNB mpya.

Inakatikakatika upepo ukivuma. Msimu wa kusi huonyesha kila boliti iliyolegea mjini. Ikiwa haikulegea boliti, basi kuna tawi la mwembe linalopita mbele ya dishi na kurudi.

Na kuna kukatika kusiko na dawa wala haja ya dawa. Siku chache zinazozunguka tarehe 22 Machi na 21 Septemba, ukitazama kutoka Mombasa, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti. Jua nalo linatoa kelele ya redio, kwa hiyo dishi linaloitazama setilaiti linakuwa linalitazama jua pia, na dekoda inazidiwa. Kwa wenye DStv hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Kwa wenye Azam ni karibu na saa tisa alasiri. Ni dakika chache, inarudi, kesho tena muda ule ule, kisha siku zinakwisha. Mtu asiyejua hili atabadilishiwa LNB mnamo Machi na kuamini imemponyesha.

Hatua ya tatu: mistari miwili

Ingia kwenye menyu ya dekoda, sehemu ya mipangilio, utafute ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili, mara nyingi kwa Kiingereza: mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Ukurasa huu unaonekana hata kama hujalipia mwezi.

Watu hutazama nguvu na kufurahi. Nguvu inaweza kudanganya, kwa sababu LNB iliyo hai hutoa kelele yake yenyewe na dekoda huihesabu. Dishi linaweza kutazama ukuta na mstari wa nguvu ukawa umepanda. Ubora ndio unaoonyesha kama dekoda inasoma kitu halisi kutoka juu.

Nguvu ipo na ubora ni sifuri: umeme unafika kwenye LNB na waya unapitisha, lakini setilaiti haionekani. Ama dishi limeelekea kwingine, ama limezibwa, ama mipangilio ya LNB kwenye dekoda si sahihi.

Vyote viwili sifuri: waya umekatika, konekta imegusana ndani, LNB imekufa, au dekoda haitoi umeme wa kuilisha.

Ubora unarukaruka kama moyo wa mtu aliyekimbia: unyevu, konekta, au dishi limepotoka kidogo.

Usilinganishe asilimia zako na za jirani mwenye dekoda ya aina nyingine, kila aina ina hesabu yake. Linganisha za leo na za jana yako mwenyewe. Ndiyo maana inafaa kuziandika siku mambo yakiwa sawa.

Hatua ya nne: nyuma ya dekoda

Zima dekoda ukutani, si kwa rimoti. Ngoja nusu dakika, washa, uipe muda wa kuamka. Baada ya stima kupotea na kurudi kwa kishindo, hili peke yake hutatua mengi. Picha ikikwamakwama wakati ubora uko juu, dekoda ina joto kupita kiasi au inazeeka; itoe ndani ya kabati la vioo na uondoe kitambaa cha mapambo kilichoifunika.

Kagua mipangilio ya LNB. LNB ya kawaida inayouzwa madukani hutumia namba 9750 na 10600. Dekoda za kurekodi za DStv nyingi hutumia LNB erevu, inayopitisha chaneli nyingi kwenye waya mmoja, na mpangilio wake ni tofauti. Ukiazima dekoda ya kawaida na kuichomeka kwenye LNB ya namna hiyo, au kinyume chake, utapata sifuri na kuilaumu dekoda bure. Wala usiirudishe dekoda kwenye hali ya kiwandani kama jaribio la kwanza. Utafuta mipangilio iliyokuwa sahihi na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kama jirani ana huduma ile ile na dekoda ya aina ile ile, azima yake kwa dakika tano. Ikionyesha ubora kwenye waya wako, tatizo ni dekoda yako. Ikigoma kama yako, panda juu, lakini kwanza pitia waya.

Hatua ya tano: waya na konekta

Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Zima dekoda ukutani kabla ya kufungua konekta yoyote. Dekoda hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya ule ili kuilisha LNB. Haitakudhuru wewe, lakini ncha ya shaba ikigusa chuma cha pembeni dekoda ikiwa imewaka, unaweza kuiunguza.

Fungua konekta nyuma ya dekoda na uitazame ncha ya waya mahali penye mwanga. Shaba nzuri inang'aa nyekundu. Ikiwa ya kijani au nyeusi, chumvi imeshafika. Ukikuta tone la maji hapo, umeshapata jibu: maji yameingia kule juu kwenye LNB na kuteremka ndani ya waya, katikati ya nyuzi za kinga, hadi sebuleni. Waya wa namna hiyo haukaushiki. Utaupuliza, utauanika, utafanya kazi wiki moja, halafu utarudi pale pale. Badilisha.

Ukienda kununua waya mpya, chukua sumaku ndogo. Nyaya nyingi za bei nafuu zina moyo wa chuma uliopakwa shaba. Unafanya kazi, ila shaba ile ikikwaruzwa wakati wa kumenya, hewa yetu inakishika chuma na kutu inaanza siku hiyo hiyo. Ncha ikivutwa na sumaku, ndani ni chuma. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, Kizingo, Nyali ya ufukweni, Shelly, lipa zaidi upate moyo wa shaba tupu. Uwe waya wa RG6, wa omu 75, na kinga yake iwe nzito. Mita 30 au 40 za waya mzuri hazina shida. Ukipita hapo mawimbi ya masafa ya juu yanaanza kunyong'onyea njiani.

Kutengeneza konekta upya ni kazi ya kisu na subira:

1. Kata ncha iliyooza, urudi nyuma mpaka upate shaba inayong'aa. Ukikata nusu mita na bado ni nyeusi, usiendelee, badilisha waya wote.
2. Menya ganda la nje kiasi cha sentimita moja na nusu bila kukata nyuzi za kinga.
3. Rudisha nyuzi za kinga nyuma, zilale juu ya ganda. Hakikisha hakuna unywele hata mmoja uliobaki mbele. Unywele mmoja ukigusa moyo wa waya unaua mfumo mzima.
4. Menya plastiki nyeupe ya ndani, ubakishe moyo ukiwa wazi. Usiukwaruze.
5. Sokota konekta mpaka plastiki nyeupe ifike sawa na sakafu ya ndani ya konekta. Moyo utokeze nje ya mdomo wa konekta milimita mbili au tatu. Ukiwa mfupi haugusi, ukiwa mrefu unavunja tundu la dekoda.

Konekta ya kubana kwa koleo maalumu ni bora kuliko ya kusokota. Kwa upande wa juu, kwenye LNB, ningekataa ya kusokota kabisa.

Konekta ya juu ndiyo inayohitaji kuvishwa. Tepu nyeusi ya umeme haifai kitu. Jua linaiyeyusha gundi, inaachia, na nafasi iliyobaki inakuwa kikombe cha kukusanyia maji. Tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uivute kidogo huku ukiizungusha kuanzia chini kwenda juu. Silikoni pia hutumika, lakini inuse kabla. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaila shaba uliyotaka kuilinda.

Kisha uuache waya uning'inie tumbo kidogo chini ya LNB, na tena kabla haujaingia ndani ya ukuta. Maji hufuata waya. Yakifika penye tumbo yanadondoka chini badala ya kuingia ndani.

Sasa fuata waya wote kwa macho na kwa mkono. Tafuta viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu. Kila kiungo ni mlango wa maji, na kiungo cha kusokota kwa mkono hakipitishi mawimbi haya inavyopaswa. Tafuta mahali waya unapobanwa na dirisha la alumini la kusukuma. Katika Mji wa Kale, ambako nyaya zinapita kutoka nyumba hadi nyumba juu ya vichochoro, tazama pale waya unaposuguana na ukuta wa jiwe la matumbawe, maana jiwe hilo lina makali. Waya uliopinda kwa kona kali pia umeharibika ndani hata kama nje unaonekana mzima.

Mwenye mita ya umeme ana jaribio zuri zaidi. Soma kwanza tahadhari za kupanda katika hatua ya sita, panda na mita dekoda ikiwa imezimwa, fungua konekta ya juu, mtu wa ndani awashe dekoda, kisha upime kwa uangalifu kati ya moyo na chuma cha konekta. Ukipata volti 13 na kitu au 18, waya unapitisha na mshukiwa amebaki LNB. Ukipata sifuri, rudi kwenye waya.

Hatua ya sita: LNB

Kabla ya kupanda: si paa la mabati yaliyooza, si juu ya makuti, si siku ya mvua au radi, na si mahali ambapo mkono wako ukinyooka unafikia nyaya za stima. Awepo mtu chini anayeshika ngazi. Kama hali si hiyo, acha mwenye kamba na vifaa apande.

Tazama kifuniko cha plastiki usoni mwa LNB. Jua la hapa linakikausha mpaka kinapasuka, na kunguru wa Mombasa, ambao hawana adabu kwa kitu chochote kilichotokeza, hukidonoa. Kikiwa na ufa, badilisha LNB hata kama leo inafanya kazi.

Kuna dalili moja inayowachanganya watu: nusu ya chaneli zipo na nusu hazipo. Kwanza hakikisha hizo zinazokosekana zimo kwenye kifurushi chako. Kama zimo, jua kwamba dekoda huiamrisha LNB kwa volti: 13 kwa mawimbi ya wima, 18 kwa ya mlalo. Waya uliooza ukipunguza volti njiani, zile za mlalo zinapotea na za wima zinabaki. Vivyo hivyo, mlio wa kilohazi 22 kutoka kwa dekoda ndio unaoihamisha LNB ya kawaida kwenda masafa ya juu, yaani yanayozidi gigahazi 11.7. Kwa hiyo nusu kukosekana si ushahidi wa dishi kusogea.

Kabla hujaichomoa LNB, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye LNB na kwenye kishikio chake, ili mpya ikae kwa pembe ile ile. Kwa sababu tuko karibu na ikweta, LNB zetu huwa zimepindishwa sana: kwa setilaiti ya DStv ni kama nyuzi 42, kwa ya Azam ni zaidi ya 80. Ukiikuta imelala ubavu usidhani fundi alikuwa amelewa. Video nyingi za mtandaoni zimepigwa Ulaya au Afrika Kusini, na pembe zao si zetu. Nunua LNB ya aina ile ile iliyokuwapo: ya mdomo mmoja, ya midomo miwili, au erevu.

Hatua ya saba: dishi lenyewe

Sasa ndiyo. Umefika hapa kwa sababu nguvu ipo, ubora haupo, waya ni mzima, LNB ni nzima na mipangilio ni sahihi.

Setilaiti hizi zimekaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, na zinazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana zinaonekana zimesimama. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini na nyuzi 39.7 mashariki. DStv inatoka nyuzi 36 Mashariki, ambako setilaiti ya Eutelsat 36D, iliyorushwa Machi 2024, ilikwenda kuirithi 36B. Kwa hiyo iko karibu juu ya utosi wetu: inapanda nyuzi 83 na nusu kutoka upeo wa macho, ikielemea kaskazini-magharibi. Azam inatoka nyuzi 7 Mashariki. Kwetu ni upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kama nyuzi 276 za dira, na inapanda karibu nyuzi 52.

Hili la DStv kuwa juu ya utosi lina matokeo matatu ambayo hutayaona kwenye mwongozo wa Johannesburg.

La kwanza, miti na majumba ya pembeni hayalizuii dishi hilo, lakini kilicho juu yake kinalizuia. Dishi la DStv haliwezi kukaa kwenye veranda ya ghorofa yenye veranda nyingine juu yake, wala chini ya ukingo wa paa la makuti. La Azam linaweza kukaa kwenye veranda inayotazama magharibi, mradi jengo la mbele lisiwe refu kupita kiasi: lililo mita kumi kutoka kwako lisilizidi dishi kwa mita kumi na mbili.

La pili, kulizungusha kushoto na kulia hakufanyi mengi. Kwa sababu linatazama juu, unahitaji kulizungusha kama nyuzi 9 ndipo mtazamo wake usogee nyuzi moja angani. Wale vijana wa paani wanaohangaika na kuzungusha wamekamata boliti isiyo yenyewe. Kinachohesabika ni boliti ya kuinua na kuinamisha, tena kwa uchache sana. Dishi la sentimita 90 lina macho membamba, kama nyuzi mbili tu upana wake wote. Ukilikosesha nyuzi moja umepoteza nusu ya mawimbi. Nyuzi moja kwenye ukingo wa dishi ni chini ya sentimita moja.

La tatu, mlingoti lazima uwe wima kweli kweli. Weka pimamaji pande mbili za mlingoti. Ukiwa umeinama kidogo, namba zilizochongwa kwenye bano la dishi hazina maana tena. Katika kuta za zamani za matumbawe na chokaa, boliti huchimba tundu lake taratibu, na mlingoti unainama bila mtu kuona. Ushike uutikise. Ukicheza, rekebisha ukuta kwanza, dishi baadaye.

Chora alama pale lilipo sasa, ili uweze kurudi. Legeza boliti ya kuinua nusu zamu tu, mtu akiwa ndani anakusomea mstari wa ubora kwa simu. Sogeza kidogo sana, hesabu hadi kumi, maana dekoda huchelewa kujibu. Usogeze tena. Ukipata kilele, pita mpaka ubora ushuke, kisha rudi katikati. Kaza boliti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, huku ubora unasomwa, kwani kukaza kwenyewe hulisogeza dishi. Mwisho gusa pembe ya LNB kwa namna hiyo hiyo. Zipake boliti grisi. Kama zimeota kutu, weka za chuma kisichoshika kutu, za kawaida hazitamaliza misimu mingi hapa.

Likiwa limejaa majani ya mwarobaini na mavi ya ndege, lioshe kwa maji baridi na kitambaa. Vumbi peke yake haliui mawimbi. Chuma kilichotoboka au kubonyea ndicho kinachoua.

Mkiwa mnagawana dishi

Kwenye magorofa yenye dishi la pamoja, uliza majirani kabla ya lolote. Wote wamekosa: tatizo ni la juu, mwite msimamizi. Umekosa peke yako: ni waya wako au tundu lako kwenye kigawanyio. Vigawanyio vya bei rahisi vilivyotengenezewa antena havipitishi umeme wa LNB wala masafa haya, na usikubali kuwekewa kimoja.

Ukimwita fundi

Mwambie hukatika saa ngapi na mistari inasemaje. Hapo atajua hazungumzi na mtu wa kudanganywa.

"Mama, LNB hii imekufa, yataka mpya."

"Haya fundi, lakini nionyeshe kwanza volti kwenye ncha ya waya."

Fundi mzuri hatakasirika, na atakuwa na mita ya kutafutia setilaiti mkononi. Akibadilisha kitu, akuachie kile cha zamani. Asiondoke kabla ya wewe kusoma mistari miwili kwa macho yako kwenye chaneli za masafa ya chini na za juu. Kisha andika namba hizo na tarehe kwenye kipande cha tepu uibandike chini ya dekoda, na upige picha ya alama za bano la dishi akiwa bado yuko juu.